Kitenzi "get": maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa na wanafunzi wa Kiingereza, na walimu wao pia huyauliza, ila kwa sauti ya chini. Yamepangwa kuanzia yale ya mwanzo hadi ya pembeni. Swali likigusa jambo lililokwisha kuelezwa, utaelekezwa huko.

## Mambo ya msingi

"Get" maana yake nini hasa?

Ukilazimishwa kujibu kwa neno moja, sema "pata". Ndilo jibu la shule ya msingi, na wala si jibu baya: "I got a letter" ni nilipata barua, "she got a job" ni alipata kazi. Shida huanza unapolibeba jibu hilo kila mahali. "It's getting dark" si inapata giza, bali giza linaingia. "We got home at six" ni tulifika nyumbani saa kumi na mbili. "He got beaten" ni alipigwa. "Get her to sign" ni mfanye atie saini, hata kama ni kwa kumbembeleza.

Chini ya hayo yote kuna kitendo kimoja cha kale: mkono kufumba juu ya kitu. Kitu kilichoshikwa kimepatikana. Mtu aliyejipatia njia hadi mahali fulani amefika. Na akifika kwenye hali mpya badala ya mahali, basi amelowa, amezeeka, amekasirika. Katika maandishi ya Kiingereza maana hizi ziliingia karibu kwa mpangilio huohuo. Kupata na kufika ni za Enzi za Kati. Kuingia katika hali kulishamiri katika karne ya 16 na ya 17. Kutendwa kulikuja mwishoni mwa karne ya 17.

Nitajuaje ni maana ipi inayokusudiwa?

Usikikodolee macho kitenzi, tazama kinachokifuata. Kikifuatwa na jina la kitu, ni kupata, kununua, kuchukua au kuleta. Kikifuatwa na mahali, ni kufika: "get to Mombasa", "get there". Kikifuatwa na kivumishi, ni kuingia katika hali: "get old", "get hungry". Kikifuatwa na umbo la tatu la kitenzi kingine, kama "paid" au "broken", ni kutendwa. Kikifuatwa na mtu na kisha "to" na kitendo, ni kumfanya mtu huyo atende.

Kuna muundo mmoja ambao Kiswahili huushughulikia kwa ufundi zaidi: "get" yenye majina mawili nyuma yake. "Get me a chair" ni niletee kiti. "Get me a taxi" ni niitie teksi. "Get the child some shoes" ni mnunulie mtoto viatu. Kiingereza hutumia kitenzi kimoja butu na kumwachia msikilizaji akisie kazi yenyewe. Sisi tunataja kazi, kisha tunaipachika kauli ya kutendea. Ukitafsiri, lazima uchague.

Mbona kamusi zinatoa maana nyingi hivi?

Kwa sababu vitenzi vifupi vya Kiingereza ndivyo vinavyobeba mizigo. Katika toleo la 1989 la Oxford English Dictionary, kitenzi chenye maelezo marefu kuliko vyote kilikuwa "set", na wahariri walipokuwa wakilipitia upya, hatimaye kikapitwa na "run". "Get" imo katika ukoo huohuo. Msemaji wa Kiswahili hapaswi kushangaa sana: anapiga simu, anapiga picha, anapiga pasi, anapiga deki, anapiga kura na anapiga mswaki, na hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachoumia.

"Get", "receive", "obtain" na "acquire" zinatofautianaje?

Tofauti yake kubwa ni ya ukoo. Uingereza ilivamiwa na Wanormani, watu wa kaskazini mwa Ufaransa, mwaka 1066, na kwa miaka mingi baada ya hapo Kifaransa kilikuwa lugha ya mahakama na ya wakubwa. "Receive" na "obtain" zilipita mlango huo. "Acquire" ikaletwa karibu zaidi na Kilatini cha wasomi. "Get" ilikuwapo tayari, jikoni na shambani. Hadi leo inanukia nyumbani, na wenzake wananukia ofisi.

Kimaana, anayepokea bila jasho "receives". Aliyehangaika na fomu na foleni hadi akapewa kibali "obtains". Anayejiongezea polepole, kama mali au ujuzi, "acquires". "Get" hukaa mahali pa zote tatu bila kusema lolote kuhusu juhudi, na hapo ndipo uzuri na uvivu wake ulipo.

Ni kosa kuandika "get" katika barua rasmi au mtihani?

Si kosa la sarufi. Ni suala la mtindo, na vita vyake ni vya zamani. Kuna kifungu maarufu cha karne ya 18 kilichotungwa kukejeli kitenzi hiki. Msimulizi anapanda farasi, anapata barua, anafika Canterbury, anapata gari la kukokotwa, analowa na mvua, na kila mara ni "got". Walimu wakakipenda, na marufuku ikaendelea kurithiwa darasa kwa darasa.

Kwa maoni yangu marufuku hiyo imepitiliza. Penye kitenzi mahsusi, kitumie: katika ripoti ya hospitali "the patient improved" ni bora kuliko "the patient got better". Lakini anayekwepa "get" kwa gharama yoyote huishia kuandika "we became wet", sentensi ambayo hakuna Mwingereza aliyelowa amewahi kuisema.

## Asili

"Get" ni neno asilia la Kiingereza?

La. Limetoka kwa Waskandinavia. Katika lugha yao ya kale, "geta" ilikuwa na maana ya kupata, kufikia, kuzaa, na hata kukisia.

Wavamizi kutoka Denmark na Norwei walianza na mashambulizi ya pwani, na lililobaki katika kumbukumbu zaidi ni la mwaka 793 kwenye monasteri ya kisiwa cha Lindisfarne. Mwaka 865 lilikuja jeshi kubwa lililokaa. Sehemu pana ya kaskazini na mashariki mwa Uingereza ikawa chini ya sheria ya Wadenmark, na miji yenye majina yanayoishia na "-by", kama Derby, Whitby na Grimsby, ni alama zao. Kati ya 1016 na 1035 mfalme wa Uingereza yote alikuwa Mdenmark, Cnut.

Lakini maneno hayakuingia kwa upanga. Yaliingia kwa ujirani. Lugha hizo mbili zilikuwa karibu kiasi kwamba mkulima wa huku na wa kule wangeweza kuelewana kwa kiasi fulani, wakauziana ng'ombe, wakaoana. Ndiyo maana yaliyoazimwa ni maneno ya kila siku: "take", "call", "die", "knife", "window", "husband", "law", na hata viwakilishi "they" na "them". Lugha inayoazima viwakilishi kwa jirani imekula naye chungu kimoja. "Get" yenyewe inaonekana katika maandishi karibu mwaka 1200, bila shaka ikiwa imekwisha kuzoeleka midomoni.

Kabla ya hapo Waingereza walisemaje?

Walikuwa na "begietan" kwa kupata na "niman" kwa kuchukua. "Niman" ilifukuzwa na "take" na haikuacha kitu isipokuwa mabaki kama "numb", yaani kufa ganzi, ambayo mwanzoni ilimaanisha aliyechukuliwa. "Begietan" nayo ilisukumwa pembeni hadi ikabaki na maana ya kuzaa tu, kama utakavyoona katika swali la "forget" na "beget".

Jambo la kuvutia ni sauti. Mzizi huu ulikuwapo katika Kiingereza cha kale, ila haukusimama peke yake. Ulihitaji kiambishi mbele. Tena herufi g mbele ya irabu kama e ilikuwa imelainika na kutamkwa kama y. Karne ya 14 watu wa kusini bado waliandika "foryeten" kwa kusahau. Kiingereza kingejiendea chenyewe, leo watu wangesema kitu kama "yet" badala ya "get". Hiyo g ngumu ni muhuri wa Waskandinavia. Muhuri huohuo uko kwenye "give" na "egg".

Kuhusu "egg" kuna kisa alichokiandika William Caxton, mchapishaji vitabu wa kwanza wa Uingereza, mwaka 1490. Wafanyabiashara waliokuwa wakisafiri kwa jahazi kutoka mto Thames walikosa upepo, wakashuka pwani ya Kent kutafuta chakula. Mmoja akaomba mayai kwa neno la kaskazini, "egges". Mama mwenye nyumba akamjibu kwamba yeye hajui Kifaransa. Mwanamume akakasirika, maana naye Kifaransa hakijui. Ikabidi mwenzake aseme "eyren", neno la kusini, ndipo mama akaelewa. Neno la mama yule ndilo lililokufa.

Mzizi wake unarudi nyuma hadi wapi?

Hadi lugha mama ya Kihindi-Kiulaya, yaani lugha ya kale iliyozaa lugha nyingi za Ulaya na India, ambamo wanaisimu wameunda upya mzizi "ghend-" wenye maana ya kushika au kukamata. Tawi la Kigermaniki likatoa "get". Tawi la Kilatini likaweka kiambishi mbele yake, ikawa "prehendere", kukamata.

Msomaji wa Bujumbura au Lubumbashi aliyesoma Kifaransa anaufahamu ukoo huu bila kujua: "prendre", "comprendre", "apprendre". Kiingereza nacho kiliazima ndugu hao mmojammoja. "Comprehend" ni kushika kwa akili, "apprehend" ni kumtia mtu mbaroni, "prison" ni mahali pa waliokamatwa, "apprentice" ni anayeshika kazi ya fundi, na "surprise" ni kukamatwa bila kutarajia. Kwa hiyo askari "apprehends", mshtakiwa "gets arrested" kisha anapelekwa "prison", na mzizi ni uleule mara tatu katika tukio moja.

"Forget", "beget" na "guess" ni ndugu zake kweli?

Ndiyo, wote watatu. Kiambishi "for-" katika "forget" kinaashiria kwenda kombo au kupotea, kama katika "forsake". Kusahau, basi, ni kuponyokwa na kile ulichokuwa umekishika. Mjerumani husema "vergessen" na Mholanzi "vergeten" kwa mantiki hiyohiyo.

"Beget" ni kuzaa kwa upande wa baba. Biblia ya Kiingereza ya 1611 ina ule ukoo mrefu wa Mathayo, "Abraham begat Isaac", na ya Kiswahili husema Ibrahimu alimzaa Isaka. "Begat" ni wakati uliopita wa kale. Hakuna anayeitumia leo isipokuwa kwa utani au kwenye mimbari.

"Guess" ni mtu anayejaribu kukishika kitu gizani. Iliingia Kiingereza katika Enzi za Kati kutoka lugha za Skandinavia au za pwani ya Uholanzi. Katika Kiaisilandi neno "geta" bado linabeba kukisia na kuweza kwa pamoja, na kutoka mzizi huo wana "gáta", yaani kitendawili.

Waskandinavia wenyewe bado wanaitumia kama Waingereza?

Hapana. Wadenmark, Waswidi na Wanorwei leo husema "få" kwa kupata. Walioazimisha neno wameliweka kabatini, na aliyeazima ndiye analitumia kutwa nzima.

## "Got", "gotten" na "have got"

Kipi sahihi, "got" au "gotten"?

Vyote viwili, kila kimoja kwake. Uingereza umbo la tatu ni "got". Marekani "gotten" ingali hai, na ina kazi yake maalumu: "I've gotten a car" ni nimepata gari, tukio limetokea, "I've got a car" ni nina gari. Mmarekani hazichanganyi.

Wengi waliosoma shule za Afrika Mashariki, zinazofuata Kiingereza cha Uingereza, hudhani "gotten" ni uharibifu wa Wamarekani. Ukweli ni kinyume. Ndilo umbo la kale, walowezi walivuka nalo bahari katika karne ya 17, kisha Waingereza waliobaki nyumbani wakalipunguza. Katika Biblia ile ya 1611, Hawa anapomzaa Kaini anasema "I have gotten a man from the LORD", na Biblia ya Kiswahili nayo inatumia "nimepata" hapohapo. Waingereza wenyewe bado wanayo "forgotten", na mali ya dhuluma bado wanaiita "ill-gotten". Kwenye mtihani wa Tanzania, Kenya au Uganda andika "got", ili usiingie kwenye mabishano na msahihishaji.

Mbona "I have got" humaanisha "ninayo" na si "nimepata"?

Jibu liko ndani ya Kiswahili chako mwenyewe. Tunasema amelala, na maana yake ni kwamba sasa hivi yuko usingizini. Tunasema amevaa kofia, nayo iko kichwani wakati huu. Nimeshika kalamu, nayo iko mkononi. Kitendo kimekwisha, matokeo yako mbele ya macho. "I've got a pen" ilipita njia hiyo: nimekwisha kuipata, hivyo ninayo. Kufikia mwisho wa karne ya 16 matokeo yalikuwa yamelifunika tendo kabisa.

Kwa sababu maana ni ya sasa, swali lake ni "have you got a pen?" au, kwa wanaopenda mtindo wa Marekani, "do you have a pen?" Kuchanganya mbili hizo, "do you have got", ni kosa popote pale.

"Gotta" ni neno?

Ni matamshi ya haraka ya "got to", katika "I've got to go", lazima niende. Linafaa katika mazungumzo, nyimbo na ujumbe wa simu. Kwenye barua ya kuomba kazi, liache. Na ukisikia Mmarekani akisema kitu kama "gerap" au "geraut", ni "get up" na "get out": t iliyo kati ya irabu hugeuka sauti inayokaribia sana r yetu.

## Matumizi yanayosumbua

"Get married" ni kuoa au kuolewa?

Ni vyote, na wanafunzi hulalamika kuhusu hili zaidi ya jambo lolote. Kiswahili humtaka msemaji aseme nani ameoa na nani ameolewa. Kiingereza hakijali: "he got married", "she got married", "they got married". Ukitafsiri kwenda Kiswahili itabidi umjue mhusika kwanza. Kama humjui, "alifunga ndoa" itakuokoa.

Tofauti ambayo Kiingereza huijali ni nyingine. "She got married in 2019" ni tendo, harusi yenyewe. "She is married" ni hali, ana mume. Kusema "she was married in 2019" kunaacha mlango wazi: huenda alifunga ndoa mwaka huo, huenda alikuwa tayari na mume, na huenda wameachana tangu hapo. Ndiyo sababu "got" inapendwa, inaondoa utata.

Kosa la kawaida ni "get married with". Ni "get married to".

Kuna tofauti gani kati ya "he was arrested" na "he got arrested"?

Habari ni ileile: alikamatwa. Ya kwanza ni ya taarifa ya habari na hati ya polisi. Ya pili ni ya barazani, na mara nyingi hubeba hisia kwamba jambo limempata mtu, iwe balaa kama "got robbed" au neema kama "got promoted". Ikiongezwa "himself", "he got himself arrested", lawama inahamia kwake: amejiponza.

Haifai kwa vitenzi visivyo na tukio. Hakuna asemaye "the story got believed by everyone".

"I got to see her" na "I've got to see her" ni sawa?

Hazikaribiani. Ya kwanza ni nilipata kumwona, nilipewa nafasi, na mara nyingi ina furaha ndani yake. Ya pili ni lazima nimwone. Matatizo yanakuja mtu anapoiangusha "have" katika mazungumzo, "I got to see her", hapo sentensi mbili zinafanana na ni muktadha tu unaotenganisha bahati na wajibu. Ikiwa linalozungumzwa ni la jana, ni bahati.

"Get", "make" na "have" katika kumfanya mtu atende: nitumie ipi?

"Make" ni kumlazimisha: "she made him apologise". "Have" ni kumwagiza mtu ambaye hiyo ni kazi yake: "I'll have the driver bring it". "Get" ni kumshawishi, na aghalabu kuna jitihada: "I finally got him to apologise". Angalia kwamba ni "get" peke yake inayodai "to".

Pale kitu kinapofanyiwa kazi na mwingine, "get" hufuatwa na kitu kisha umbo la tatu: "get the phone repaired", "get your hair cut". Kiswahili hapa hakihitaji mzunguko wowote. Tunasema nimenyolewa, au nimepeleka simu kwa fundi, na kila mtu anaelewa kwamba fundi hakuitazama tu.

Kwa nini "get in the car" lakini "get on the bus"?

Jiulize kama ndani ya chombo hicho unaweza kusimama na kutembea. Basi, treni, meli, ndege: "on", na kushuka ni "off". Gari dogo, teksi, mtumbwi: "in", na kushuka ni "out of". Bodaboda, baiskeli na farasi ni "on" kwa sababu iliyo dhahiri zaidi, unakaa juu yake. Bajaji ni "in". Daladala na matatu, hata zile unazoingia umeinama, kwa kawaida hubaki "on" kwa kuwa ni usafiri wa umma wenye njia yake.

Nitakariri vipi "get up", "get over", "get by" na wenzake?

Usikariri orodha. Katika vifungu hivi "get" imebakiwa na maana ya kuhama tu, na kielekezi ndicho kinachosema umehamia wapi. "Up" ni juu, hivyo kuamka au kuinuka. "Over" ni kuvuka upande wa pili, hivyo kupona ugonjwa au kuzoea msiba. "By" ni kupita kandokando, hivyo kujikimu kwa kidogo ulicho nacho. "Through" ni kupenya, hivyo kumaliza kazi ngumu au kupatikana kwa simu. "Get away with" ni kuondoka nacho bila kukamatwa, ndiyo maana humaanisha kufanya kosa na kukwepa adhabu.

"Get along" au "get on" na mtu ni kupatana. Kiswahili kimefika hapo kwa kiambishi "-ana" kwenye "pata", Kiingereza kwa kielekezi.

Naweza kusema "I'm getting you" kwa "nakupata"?

"Unanipata?" tunaiuliza kwenye simu inayokatika na kwenye hoja inayochanganya, na "get" ina maana ya kuelewa vilevile. Lakini Kiingereza sanifu cha Uingereza kingependa "I get you" na "I don't get it", bila "-ing". "I'm not getting you" husikika sana Afrika Mashariki na inaeleweka. Kwenye mtihani iache.

Hali kadhalika, rafiki uliyemkosa siku nyingi anayekwambia "umepotea sana" usimtafsirie kwa "get lost". Ikiwa amri, "get lost" maana yake ni niondokee hapa.

## "Pata" na "get" pamoja

Kwa kuwa vinafanana sana, je, kimoja kiliiga kingine?

Hapana. "Pata" ni neno la Kibantu na lilikuwa na maana zake pana kabla shule za Kiingereza hazijafika pwani. Lugha nyingi hutoka kwenye kupata kitu hadi kupata nafasi ya kutenda, na kutoka hapo hadi kuweza. "Nilipata kusikia" yetu na "geta" ya Kiaisilandi, ambayo sasa ni kuweza, zimepita njia hiyo bila kuonana.

Na "pata" ina vyumba ambavyo "get" haina funguo zake. Kisu kinachokata vizuri "kinapata". Tukikadiria muda tunasema "yapata saa tatu", ambapo Kiingereza huhitaji neno jingine kabisa. Zaidi ya yote, Kiswahili huweza kuligeuza tendo: Mwingereza hupata homa, "he got a fever", lakini kwetu homa ndiyo inayompata mtu, na mtu hupatwa na msiba. Methali ya "kupata si kwa werevu, na kukosa si ujinga" haitaji kinachopatikana. Ukiipeleka Kiingereza huwezi kuandika "getting" ikasimama peke yake, lazima useme riziki, mali au mafanikio.

## Maswali ya pembeni

Geti la nyumba limetokana na "get"?

La, limetokana na "gate". Hata hivyo kuna kitu cha kufurahisha hapo. Ukitembea mji wa York utakuta mitaa inaitwa Stonegate na Micklegate, na majina hayo hayatokani na mlango. Hiyo "gate" ni "gata" ya Waskandinavia walewale, yaani barabara, na haina undugu na "gate" ya mlango, ambayo ni ya Kiingereza cha kale.

"Git" ya Waingereza na Git ya waandika programu je?

Hii ya kwanza ni tusi la wastani, mpumbavu asiyependeza, na ni mtoto halali wa kitenzi chetu. Kaskazini na Uskoti "get" kama nomino ilikuwa mzao, hasa mtoto wa nje ya ndoa. Kusini likatamkwa "git". Linus Torvalds alipounda programu ya kuhifadhi matoleo ya msimbo mwaka 2005 aliipa jina hilo la tusi, akitania kwamba miradi yake yote huipa jina lake mwenyewe.

Na hati ya "get" ya Wayahudi?

Ni hati ya talaka ambayo mume humkabidhi mke katika sheria ya Kiyahudi. Neno hilo ni la Kiebrania na Kiaramu. Kufanana na kitenzi cha Kiingereza ni sadfa.

GET inayoonekana kwenye kazi za tovuti ni ileile?

Ndiyo, na hapa imerudi kwenye maana yake nyepesi kabisa: leta. Itifaki ya kwanza ya wavuti, aliyoibuni Tim Berners-Lee na ikatumika mwaka 1991, ilikuwa na amri hiyo moja tu. Kivinjari kilituma neno GET na anwani ya ukurasa, seva ikajibu kwa kuutuma. Amri nyingine, kama POST ya kupeleka taarifa, ziliongezwa baadaye. Kanuni yake mpaka leo ni kwamba GET huchukua bila kubadilisha kitu upande wa seva. Ndiyo maana kurudia kuufungua ukurasa wa kawaida hakuna madhara, ilhali ukurasa wa malipo unaotumia POST hukuuliza kwanza kama kweli unataka kutuma tena.